Volti Tano na Volti Kumi na Mbili

Barua ya kiwanda ilimfikia Siméon Kahongya mwezi wa tatu wa mwaka 2001, baada ya kuzunguka kama mtu aliyepotea njia. Ilitoka Ulaya ikaenda Kampala, ikalala huko wiki kadhaa kwa mapadri, ikavuka mpaka wa Kasindi ndani ya kamio, lori la chumvi, na mwishowe ikaletwa Butembo na Orpa Maliro, mfanyabiashara, aliyekuwa ameiweka katikati ya kitabu chake cha sala isije ikakunjika. Siméon aliisoma amesimama mlangoni mwa karakana yake, chuma cha kulehemu bado kinafuka moshi mkononi. Mistari ilikuwa minne tu. Kiwanda kilisikitika. Kipande alichokiomba kiliacha kutengenezwa mwaka 1987. Ghalani hakikubaki hata kimoja. Kiwanda kilimshauri mteja wake mheshimiwa anunue mashine mpya, na kwa sababu hiyo kilikuwa kimeambatisha picha za rangi.

"Picha," Siméon alisema. "Banatuma picha."

Mke wake, Virginie Kasika, alikuwa amekaa kwenye kizingiti akichambua maharagwe. Hakuinua kichwa. "Banasema nini?"

"Banasema tununue mashini ya mupya. Ni sawa mutu eko na jino moja yenye kuoza, daktari anamuambia: Papa, nunua kichwa ingine."

Virginie alicheka, lakini Siméon hakuwa akitania. Alikuwa ameisubiri barua ile siku sitini na moja.

Alikuwa mtu wa miaka hamsini na mmoja, mzaliwa wa Lubero, mtoto wa mlima na baridi na viazi. Mapadri walimfundisha hesabu, serikali ikamfundisha simu. Miaka kumi na minane alifanya kazi ya simu za posta, akipanda nguzo na kulala ofisini wakati wa mvua za radi ili laini ya Beni isikatike. Kisha mshahara ukaacha kuja. Kisha nyaya zenyewe zikaibwa, nguzo zikawa kuni. Vita vya kwanza vilipopita, akabaki na vitu viwili vya posta: kabati la bisibisi, na multimeta ya sindano, chombo cha kupimia umeme, ndani ya mfuko wa ngozi, aliyopewa na bwana mmoja mkuu wa kazi siku bwana huyo anastaafu. Kwa vile viwili alifungua karakana ya kutengeneza redio. Vita vya pili vilimkuta humo. Watu wa mtaa walimjua kwa jambo moja: alikuwa akigombana na vyombo kwa sauti, kama mtu anayegombana na shemeji.

Mashine iliyomletea barua ile haikuwa yake. Ilikuwa ya hospitali moja ndogo ya misheni upande wa Mabalako, kule kwenye mashamba ya kahawa na michikichi, mbele ya Beni. Aliyeileta Butembo mwezi wa kwanza ni Ngalula, mama wa laboratwari, maabara ya hospitali hiyo. Alikuwa ameipakata mapajani njia nzima, imefungwa kwenye kitenge, akikataa kabisa isiwekwe chini na magunia. Ngalula alikuwa mtu wa Kasai. Serikali ilimtuma huku mwaka 1994 kwa miaka miwili. Vita vikakata nchi vipande, na yeye akabaki upande huu, mama yake mzazi upande ule. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, na mikono yake ilikuwa safi kuliko mikono yoyote aliyowahi kuiona Siméon.

Mashine yenyewe ilikuwa fotometa, mashine ya kusomea damu. Unachanganya tone la damu na dawa ndani ya kigilasi, unakitia kwenye tundu. Taa ndogo inapenyeza mwanga upande mmoja, jicho la mashine linapokea upande wa pili, na namba inatoka. Namba hiyo inakuambia mgonjwa amebakiwa na damu kiasi gani. Ndani yake mlikuwa na kisanduku kidogo cha kuilisha umeme, kile ambacho mafundi wa kwetu wanakiita alimentation. Kilipokea umeme mkali wa groupe, jenereta ya hospitali, na kuutoa kwa njia mbili: volti tano za ubongo wa mashine, volti kumi na mbili za taa. Mwanzoni mwa Januari groupe ilipandwa na wazimu. Umeme ukapanda, taa za maternite, wodi ya wazazi, zikapasuka moja baada ya nyingine, na kisanduku kile kikavimba, kikanuka, kikafa.

Siméon alikuwa amekipasua. Ndani hakukuta nyaya wala vipande, alikuta lami nyeusi iliyoganda ngumu kama jiwe, na kila kitu kimezikwa humo. Alikuwa amekaa siku mbili akiichonga lami hiyo kwa patasi, akimtukana mtu fulani wa Ulaya asiyemjua kwa jina.

"Huyu mutu hakutaka kitu yake itengenezwe," alimwambia Virginie. "Alitaka ikufe na aizike yeye mwenyewe."

Lakini mashine yenyewe ilikuwa hai. Alikuwa ameijaribu kwa betri ya gari kwenye taa na mawe matatu ya tochi, betri ndogo, kwenye ubongo, na namba zikawaka nyekundu, zikatulia. Ilikuwa na njaa tu. Na hospitali haikuweza kuilisha kwa betri: betri hushuka kadiri inavyotumika, taa hufifia, namba huanza kudanganya, tena betri yenyewe ilikuwa moja, ya phonie, ile redio ya kuitia Beni.

Baada ya barua, akaanza kujaribu vya kwake. Alitoa transfo, vyuma vya kupunguzia umeme, kwenye radiokaseti mbili zilizokufa, moja ya tano, moja ya kumi na mbili, akaziunga na vipande alivyokuwa navyo. Dakika kumi za kwanza kazi ilikuwa nzuri. Dakika ya kumi na tano transfo ya taa ikawa moto wa kukaangia yai. Dakika ya ishirini ikatoa moshi. Akatafuta kubwa zaidi. Soko zima la Butembo, lenye vitenge vya kila rangi na pikipiki za kila jina, halikuwa nayo. Akaisuka upya ile iliyoungua, mizunguko mia na kitu kwa vidole, na kwenye mzunguko wa mwisho waya ukakatika ndani kabisa.

Aliitupa ukutani. Virginie aliiokota, akaiweka mezani, akarudi kwenye kazi yake.

Orpa Maliro ndiye aliyebadilisha mambo, na hakujua kwamba anayabadilisha. Alikuja kuuliza habari ya televisheni yake, akaanza kulalamika: safari hii, katika mzigo wake wa ordinatere, zile kompyuta, kutoka Kampala, moja ilidondoka kwenye kamio. Kioo kimepasuka, ubao umevunjika katikati. Nani atainunua?

"Iko na kasanduku ya umeme kwa nyuma?" Siméon aliuliza.

"Iko. Ile yenye kupepea. Ile haikuumia."

Siméon alimfuata hadi depo yake bila kufunga mlango wa karakana. Alipiga magoti mbele ya ile maiti ya ordinatere, akafuta vumbi kwa mkono wa shati na kusoma karatasi iliyobandikwa kwenye bati. Akasoma tena. Volti tano, ampea ishirini. Volti kumi na mbili, ampea nane. Namba mbili zile zile, na nguvu ya kutosha kulisha fotometa kumi kwa pamoja. Kitu ambacho kiwanda kilisema hakipo tena duniani kilikuwa kwenye kila ordinatere ya kila ofisi.

"Mama Orpa," alisema kwa sauti ya chini, "bintu kama hii bako nayo ngapi kule Kampala?"

"Bile? Bimepangwa kwa meza sawa mikate."

Orpa alimpa kisanduku, kwa ahadi ya kutengenezewa televisheni mbili. Siméon alirudi nyumbani anatembea haraka, na Virginie aliona kwamba usiku ule alikula chakula chote.

Wiki iliyofuata alipanda kamio ya Beni. Fotometa ilikuwa kwenye kitenge kile kile cha Ngalula. Kisanduku cha ordinatere, vifaa na multimeta vilikuwa kwenye begi lake. Walishuka mlima vizuri, wakapita Maboya. Baada ya hapo palikuwa na bariere: kamba, mti uliolazwa barabarani, na askari watano waliochoka. Hakuna aliyejua tena ni wa nani mwezi ule. Abiria wote walishuka na kupanga vitu vyao kwenye majani.

Askari mmoja kijana, amevaa ndala, alifungua begi la Siméon na kutoa kisanduku, nyaya zake zinaning'inia nyekundu, njano na nyeusi.

"Oyo nini?" aliuliza kwa Lingala. Hii ni nini?

"Ni ya hospitali, chef. Ya kulisha mashini ya damu."

Neno hilo la damu halikusaidia. Askari wengine wakasogea. Mmoja alipenyeza kidole kwenye matundu ya bati, kapanga ka feni ya ndani kakazunguka. Akasukuma tena, kakazunguka tena. Akatabasamu.

"Ventilateur!"

"Ndiyo, chef," Siméon alisema upesi. "Ventilateur."

Wakakirudisha. Siméon alikuwa ameanza kupumua pale yule wa ndala alipotoa mfuko wa ngozi, na ndani yake multimeta, sindano yake ikitetemeka nyuma ya kioo, nyaya mbili ndefu zikiwa zimezungushwa vizuri. Aliiinua juu, akaigeuza, akazikunjua nyaya.

"Na hii? Unaongea na nani na hii?"

Siméon alieleza. Alieleza kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa Lingala chake kidogo cha miziki. Alisema hii haiongei, inapima. Alitaka kuonyesha, akaomba jiwe la tochi. Wakadhani anaomba tochi. Kadiri alivyoeleza ndivyo kile chombo kilivyoonekana kuwa cha maana zaidi. Mwishowe askari alikivaa shingoni kwa mkanda wake wa ngozi na kusema kitapelekwa kwa komanda. Dereva akapiga honi. Abiria wakamwita: Papa, twende, utatuletea matatizo.

Kuanzia pale mpaka Beni Siméon alikaa juu ya magunia, uso umegeukia nyuma, na mama mmoja aliyekuwa na kuku alimpa muwa, akaushika tu mkononi. Miaka ishirini na miwili alikuwa na multimeta ile. Kila redio ya Butembo ilikuwa imepimwa na sindano ile. Sasa alikuwa anakwenda kutengeneza mashine ya hospitali kama mtu anayekwenda kushona nguo amefungwa macho.

Mabalako alifika kesho yake kwa baiskeli ya kukodi. Ngalula alimpokea mlangoni pa laboratwari, akapokea fotometa kwanza, ndipo akamsalimia.

"Papa Siméon, imepona?"

"Inaenda kupona."

Kwa kazi ya mikono tu, bila kupima, alifungua mgongo wa mashine, akaunga waya mwekundu wa tano kwenye ubongo, wa njano wa kumi na mbili kwenye taa, mweusi kwenye mweusi. Kisanduku hakikuingia ndani. Alikifunga kwa skrubu kwenye ubao kando ya mashine. Saa nane mchana groupe iliwashwa. Kapanga kakazunguka, taa ikawaka, namba nyekundu zikatokea. Siméon alirudi nyuma hatua moja. Alitaka mtu aseme kitu.

Ngalula alisogea mezani. Alijaza kigilasi maji safi, akakipangusa, akakitia kwenye tundu. Maji hayana damu. Mashine ilitakiwa kusema sifuri.

Ikasema sifuri. Ngalula akatoa, akarudisha. Tatu. Akatoa, akarudisha. Kumi na moja. Kisha saba, bila yeye hata kugusa.

"Papa Siméon, ile haiko namba," alisema. "Maji iko maji."

"Iache ipate joto kwanza."

Waliiacha ipate joto. Maji yakawa tisa. Siméon alisafisha kioo cha jicho. Alibana skrubu, akalehemu upya kila kiungo. Alilaumu groupe, akatoka nje kuisikiliza. Groupe ilikuwa ikinguruma sawasawa, maana mtu wa Beni alikwisha kuitengeneza. Alilaumu vigilasi, na Ngalula akamtolea vingine, vipya. Siku ya kwanza ikaisha. Siku ya pili ikaanza na tano, kumi na mbili, mbili.

Adhuhuri ya siku hiyo alipasuka. "Mama Ngalula, soma mara tano, andika katikati! Kila mutu anafanyaka vile!"

Ngalula aliweka kalamu chini. Alikuwa na desturi ya kusema polepole anapokasirika.

"Damu ya mutu haina katikati, Papa. Nikuambie. Mwezi wa pili hatukuwa na mashini. Maternite ilikuwa na wamama wawili. Wa kwanza macho yake ilikuwa nyeupe ndani, Docteur akaangalia na macho tu, akasema hana damu. Tulikuwa na mutu mumoja tu wa kutoa, na dawa ya kupima damu yake, ya mwisho. Tukamupa. Kesho yake wa pili akatoka damu mingi. Hapakuwa na mutu, hapakuwa na dawa." Aliishika kalamu tena. "Na yule wa kwanza, nafikiri mpaka leo, alikuwa na damu ya kutosha. Ndiyo vile alivyozaliwa, macho nyeupe."

Siméon aliangalia mikono yake. "Unanishitaki?"

"Hapana. Nakuambia ujue kwa nini nakataa namba ya bongo, ya kudanganya. Ile ya bongo iko mubaya kuliko kukosa. Tukikosa namba, Docteur anajua hajui."

Alitoka, akaenda kukaa nyuma ya jiko la hospitali, karibu na gari la daktari lililokufa juu ya mawe tangu mwaka jana. Alikuwa na hasira na Ngalula, kwa sababu alisema kweli. Alikuwa na hasira na askari wa ndala. Kama angekuwa na sindano yake, angeigusisha mahali pawili tu na kujua ni njia gani inayoyumba, ya tano au ya kumi na mbili. Dakika moja. Sasa ni siku mbili.

Macho yake yakatua kwenye taa ya nyuma ya gari lile. Kioo chake chekundu kilikuwa kimevunjika, ampuli yake, ile balbu ya ndani, ilikuwa nzima. Akaichomoa kwa bisibisi, akailehemea nyaya mbili. Ampuli haisemi namba, lakini inasema kuna umeme au hakuna, ni mwingi au ni kidogo. Alirudi laboratwari bila kupangusa miguu, jambo ambalo Ngalula aliliona na kulinyamazia. Kigilasi cha maji kilikuwa bado ndani ya mashine, namba zikicheza.

Akagusisha nyaya za ampuli kwenye njia ya kumi na mbili. Ikawaka vizuri, hakuona kuyumba, jicho la mtu si sindano. Akahamia kwenye njia ya tano. Kwa volti tano ampuli ya gari haiwaki, inakuwa kama kaa la moto linalozimika. Aliishika hapo, akiangalia ule wekundu, akisubiri utetemeke. Haukutetemeka. Akaanza kuiondoa.

"Usitoshe!" Ngalula alipiga kelele. "Iache pale! Rudisha!"

Siméon alishtuka karibu aiangushe. "Nini?"

"Namba. Ilikuwa imesimama. Rudisha, nasema."

Akarudisha. Namba zilipanda, zikashuka, zikafika sifuri na kukaa hapo. Wote wawili waliziangalia kama watu wanaomwangalia mtoto aliyelala baada ya homa. Dakika moja, mbili. Akaondoa ampuli: sita, tisa, nne. Akarudisha: sifuri. Akaondoa, akarudisha, mpaka vidole vyake vikaungua kwa joto la ampuli.

Ndipo akaelewa, na alipoelewa akapiga kiganja kwenye paji la uso. Kisanduku kile kilitengenezwa kwa ordinatere, na ordinatere hula volti tano kwa wingi. Kilikuwa kinaangalia njia ya tano peke yake ili kujua kifanye kazi kiasi gani. Njia ya kumi na mbili kiliibeba tu mgongoni. Ubongo wa fotometa ulikuwa unadokoa tu, kwa hiyo kisanduku kilidhani hakuna kazi, kikawa kinasinzia, kinaamka, kinasinzia, na taa ikawa inapata inachopata. Ampuli ilikula tano kwa nguvu, kisanduku kikakaa macho, na kumi na mbili ikanyooka.

"Donc," Ngalula aliuliza, "ilikuwa inaomba mzigo?"

"Ilikuwa inaomba mzigo. Miezi mitatu, Mama Ngalula. Kiwanda, barua, transfo, bariere. Na kitu ilikuwa inaomba ni ampuli ya matako ya gari."

Hakufurahi. Alitaka kufurahi, lakini kilichompanda kifuani kilikuwa bado ni hasira, nayo haikuwa na mahali pa kwenda. Ngalula ndiye aliyefurahi, kwa namna yake: alichukua kigilasi, akasoma maji mara kumi, akaandika sifuri kumi kwenye daftari, moja chini ya nyingine. Kisha akajitoboa kidole. Alisoma damu yake kwa njia ya zamani, ile ya mrija na kulinganisha rangi kwa jicho dirishani. Akapata kumi na moja na nusu. Akaisoma kwa mashine. Kumi na moja nukta sita. Akamwita muuguzi, akamtoboa naye. Kisha akamtazama Siméon, na Siméon akatoa kidole chake mwenyewe.

"Kumi na tatu nukta mbili," Ngalula alisema. "Hauko mugonjwa. Ni hasira tu."

Saa tisa waliletewa damu ya kwanza kutoka maternite, ya msichana wa Mangina aliyejifungua mapacha. Namba ilisema tisa. Daktari aliisoma, akasema hahitaji kupewa damu ya mtu, apewe vidonge na majani ya muhogo, na damu iliyokuwapo ikabaki kwenye friji.

Siméon aliiweka ampuli ndani ya kopo la maziwa lililotobolewa matundu, ili isiunguze mtu, akalifunga chini ya ubao. Alitaka kuondoka kesho yake. Lakini kesho yake milio ya bunduki ilisikika upande wa Mangina, baiskeli zikarudi na mizigo yake, na njia ya Beni ikafungwa kwa siku tano. Alikaa. Alitengeneza phonie, ambayo haikuwa imeharibika sana. Alitengeneza pasi ya mkaa ya watawa. Alimchosha kila mtu kwa maneno. Siku ya tatu Ngalula alimpa karatasi nne na kalamu.

"Chora. Ukipigwa risasi kule njiani, nani atajua kwa nini kuna ampuli ndani ya kopo? Mutu atakuja, ataona ni bure, ataitosha."

"Asante kwa kuniombea mema," Siméon alisema. Lakini alichora, nyaya kwa rangi zake, na pembeni akaandika kwa herufi kubwa: AMPULI HII SI YA KUANGAZA. ISITOLEWE.

Njia ilipofunguka alirudi Butembo. Bariere ya Maboya haikuwapo tena, mti ulikuwa umesogezwa pembeni na mbuzi walikuwa wakila majani yake. Virginie alikuwa amesikia habari za Mangina redioni, na kwa siku tano alikuwa mjane ambaye bado hajaambiwa. Alipomwona mumewe anaingia uani na begi lake, alimwangalia kuanzia miguuni hadi kichwani, akasema, "Siku kumi," akaingia jikoni.  Multimeta nyingine Siméon aliipata mwisho wa mwaka ule, ya plastiki, yenye namba badala ya sindano, na hakuipenda kamwe.

Fotometa ilifanya kazi miaka mitatu. Ampuli ilibadilishwa mara mbili, kwa kufuata karatasi. Mwaka 2004, vita vilipokwisha kwa jina, shirika moja la wageni lilileta mashine mpya, nyeupe, ndogo kama redio, na hospitali ikamwita Siméon aje awepo inapofunguliwa. Ngalula alikuwa bado hapo. Alikuwa amepata barua mbili kutoka Kasai na alikuwa akingoja ndege ya kwenda kumwona mama yake. Fundi kijana wa shirika alieleza vifungo vyote kwa Kifaransa kizuri. Alipomaliza, aliuliza kama kuna swali.

"Alimentation yake," Siméon alisema. "Ikikufa, nitapata wapi ingine?"

Kijana alitabasamu kwa adabu. Alisema hiyo haiwezi kuwa shida, Papa, mfano huu ni wa kisasa kabisa, kiwanda kinautengeneza kila siku.

Siméon alitoa bisibisi mfukoni. Kabla kijana hajapata neno la kusema, alikuwa ameigeuza mashine na kufungua mgongo wake. Alisogeza miwani, akasoma karatasi ndogo iliyobandikwa kwenye kisanduku, volti za njia ya kwanza, volti za njia ya pili, ampea za kila moja. Hakuwa na daftari. Akachukua penseli ya Ngalula kutoka mezani na kuziandika namba zote ukutani, juu ya rangi nyeupe iliyopakwa wiki ile kwa ajili ya wageni, kubwa kubwa, na tarehe chini yake.

"Papa Siméon!" Ngalula alisema. "Ukuta yangu!"

"Utaosha siku moja," alijibu, bado anaandika.